Kujinyima, Kujikana na Kujitolea: Sarufi ya Wito katika Kiswahili cha Kikristo

1.0 Utangulizi

Wanasarufi wa Kiswahili wamekwisha kukieleza kiambishi -ji- kwa namna mbalimbali. Wako wanaokiita kiambishi cha kujirejea, kwa kuwa humrejesha mtenda kwenye tendo lake mwenyewe. Wako wanaokiorodhesha tu miongoni mwa viambishi vya yambwa, kwa kuwa hukaa pale pale wanapokaa -m-, -wa- na -ki-. Maelezo yote mawili ni sahihi kwa kadiri yake. Jambo ambalo halijatazamwa vya kutosha ni kazi ambayo kiambishi hiki hufanya katika uwanja mmoja wa matumizi ambako kinatokea kwa wingi kupita kiasi, yaani lugha ya Wakristo wanaposimulia habari za mtu aliyeiacha raha yake kwa ajili ya wito. Katika uwanja huo mtumishi hujinyima, hujikana, hujitwika, hujitoa, hujitolea, hujiweka wakfu. Ni nadra kukuta wasifu wa padri, mchungaji, mtawa au katekista usiokuwa na angalau vitenzi vitatu vya aina hiyo.

Makala hii inachunguza vitenzi hivyo kwa upande wa uundaji, uelekezi na maana. Tunachodai ni kwamba -ji- huwapa wasimulizi chombo kizuri sana cha kumtaja mtu aliyetoa kilicho chake kwa hiari. Lakini chombo hicho hicho huwafunika watu wengine walioishi na mtu huyo, ambao nao walikosa raha ingawa hawakuulizwa. Dai hili ni la kisarufi kwanza. Kwamba lina uzito nje ya sarufi, msomaji atajionea katika sehemu ya mwisho.

Kwa "Kiswahili cha Kikristo" tunamaanisha lugha ya tafsiri za Biblia, mahubiri, masimulizi ya maisha ya watumishi na matangazo ya tanzia. Mifano yenye namba ni ya kutungwa, lakini imetungwa kwa kufuata usemi wa kawaida wa uwanja huo.

2.0 Kinachoachwa: raha, starehe na anasa

Kabla ya kuvitazama vitenzi, inafaa kuyagusa kidogo majina ya kitu kinachoachwa. Maneno raha na starehe yote mawili yanatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kupumzika. Hata hivyo, katika Kiswahili cha Kikristo maneno haya ndugu yamegawana kazi. Starehe, pamoja na mwenzake anasa, ndiyo yanayoachwa. Raha ndiyo inayongojewa. Mhubiri atawahimiza waumini waache starehe za dunia, na pumzi hiyo hiyo awaahidi raha ya milele. Tafsiri ya Biblia ya Muungano (1952) imelitumia neno raha katika Waraka kwa Waebrania kwa ajili ya pumziko ambalo Mungu amewawekea watu wake. Ukiyageuza maneno hayo mawili katika mahubiri, ukawaambia watu waache raha ili waipate starehe ya milele, utaonekana unafanya mzaha. Lugha, basi, haiichukulii raha yenyewe kuwa adui. Kinacholaumiwa ni raha iliyochukuliwa mapema.

3.0 Kuitwa, kuitika na kujiita

Kitenzi cha msingi katika uwanja huu ni -ita, na jina lake ni wito (au mwito). Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba habari ya mtumishi huanza katika kauli ya kutendwa:

(1) a. Aliitwa.
    b. Aliitiwa utumishi.
    c. Aliitika.
    d. ?Alijiita.

Katika (1a) mtumishi ni mtendwa. Mtenda hatajwi kwa kuwa anajulikana. Katika (1b) kauli ya kutendea imeongezwa kabla ya ile ya kutendwa, na kwa nyongeza hiyo lengo la mwito linapata nafasi. Tafsiri ya Muungano inaupenda sana mnyambuliko huu katika nyaraka za mitume, ambako Wakristo huelezwa hali waliyoitiwa. Katika (1c) tunapata umbo lenye -ik-, ambalo kwa kawaida huonyesha hali ya kutendeka, kama katika -vunjika au -someka. Lakini kuitika si "kuweza kuitwa". Ni kutoa sauti: mvulana wa pwani husema "naam", msichana husema "labeka", na kila mmoja huinuka alipokuwa ameketi. Umbo ni la hali, maana ni ya tendo. Hapo ndipo mtumishi anapoanza kuwa mtenda.

Mfano (1d) tumeutilia alama ya shaka kwa sababu ya maana, si ya umbo. Kujiita ni neno sahihi kabisa, ila halimaanishi kujipa wito. Linamaanisha kujipa jina usilostahili. "Anajiita nabii" ni lawama. Kwa hiyo -ji-, inayotapakaa katika vitenzi vyote vya baadaye, imezuiwa mlangoni. Mtu aweza kujinyima na kujitoa, lakini hawezi kujiita akabaki na heshima yake. Sarufi na teolojia zimepatana hapa bila kikao.

4.0 Kujinyima si kujikana

Vitenzi -jinyima na -jikana huchanganywa mara kwa mara, hata na wahubiri makini. Tofauti yake ni ya uelekezi, na ni rahisi kuithibitisha. Kitenzi -nyima ni elekezi kwa yambwa mbili: anayenyimwa na kitu anachonyimwa.

(2) a. Mama alimnyima mtoto sukari.
    b. Mama alijinyima sukari.
    c. Mtoto alinyimwa sukari.
    d. *Mama alijinyimwa sukari.

Katika (2b) -ji- imeichukua nafasi ya anayenyimwa, na nafasi ya kitu imebaki wazi. Ndiyo maana kujinyima hudai kitu cha kutajwa: usingizi, mshahara, nyumba nzuri, nyama siku ya Ijumaa. Tutaurejea mfano (2d) baadaye, kwa kuwa ndio mhimili wa makala hii.

Kitenzi -kana kina yambwa moja tu:

(3) a. Petro alimkana Bwana.
    b. Petro alijikana.
    c. *Petro alijikana usingizi.

Katika (3b) -ji- imeimaliza nafasi yote. Jina pekee linaloweza kufuata ni lile linalorudia kile kile kilichokwisha kusemwa na -ji-, kama "nafsi yake", au neno la mkazo "mwenyewe". Hakuna kitu cha pembeni kinachoweza kuwekwa hapo. Anayejinyima anapunguza alivyo navyo. Anayejikana anasema juu ya nafsi yake kile ambacho Petro alisema juu ya Bwana wake usiku ule uani kwa kuhani mkuu, kwamba hamjui mtu huyo. Ulinganifu huu si bahati ya Kiswahili peke yake. Injili ya Marko katika Kigiriki inatumia kitenzi kile kile mahali pote pawili, katika sura ya 8 na ya 14, na watafsiri wa Kiswahili wamefanya vyema kuuhifadhi.

Kwa hiyo yawezekana mtu akajinyima kwa miaka arobaini asijikane hata siku moja. Mtawa anayehesabu mifungo yake na kuwaonea wenzake wanaokula ni mfano ambao wahubiri huupenda. Kisarufi, mtu huyo bado anatafuta kitu cha kujaza nafasi ya yambwa.

Lakini kukana ni tendo la mwenye kauli. Ili mtu aikane nafsi yake, sharti nafsi hiyo iwe yake. Jambo hili lilikuwa zito mno katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako sehemu kubwa ya Wakristo wa kwanza walikuwa watu waliokombolewa utumwani: wa Bagamoyo kwa Mapadri wa Roho Mtakatifu kuanzia mwaka 1868, wa Freretown karibu na Mombasa kuanzia 1875, wa Mbweni na Kiungani kule Unguja. Tafsiri ya Muungano inamwita Paulo, mwanzoni mwa Waraka kwa Warumi, mtumwa na mtume kwa mkupuo, maneno mawili ya mzizi mmoja -tum-, la kwanza likiwa na -w- ya kutendwa na la pili likiwa halina. Msikilizaji ambaye mwenyewe aliwahi kuuzwa hakuhitaji kufafanuliwa neno mtumwa. Tafsiri ya Habari Njema ya miaka ya 1990 imeweka mtumishi. Neno hilo ni la adabu zaidi, ila limeupoteza ukali uliokuwamo katika jozi ya mtumwa na mtume.

Tumtaje Cecil Majaliwa. Alikombolewa akiwa mtoto, akalelewa na Misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA) Unguja, akasoma kwa muda Uingereza, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadri. Kwa miaka kadhaa alihudumu Chitangali, katika nchi ya Wayao upande wa Ruvuma, mbali na Unguja. Raha aliyoiacha haikuwa ya kuzaliwa nayo. Ilikuwa ile ndogo aliyopewa na misheni: nyumba ya mawe, kanisa, watu waliosema lugha aliyokulia. Hata jina lake lina kauli ya kutendwa ndani yake, kwani kujaliwa ni kupewa na Mungu. Habari ya mtu kama huyu haiwezi kusimuliwa kwa -ji- tupu, kwa kuwa kabla ya kujinyima chochote alikuwa amekwisha kunyimwa karibu kila kitu.

5.0 Kujitwika

Katika wito wa kuuchukua msalaba, watafsiri wa Muungano walikataa kitenzi cha kawaida -chukua, wakachagua -jitwika. Kitenzi cha Kigiriki kilichopo hapo kina maana pana ya kuinua au kuchukua. Kutwika ni kumwekea mtu mzigo kichwani au begani. Kwa desturi ni tendo la watu wawili: mmoja huinama, mwingine humwinulia mzigo. Kinyume chake ni kutua. Kujitwika, basi, ni kuinua mzigo bila msaidizi, na kila aliyewahi kubeba ndoo ya maji au mtumba wa kuni anajua kwamba ugumu uko katika kuinua kuliko katika kutembea.

Neno hili lilitoka njiani. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, kati ya Bagamoyo na Ujiji, walitwikwa asubuhi na kutua jioni, na wamisionari walisafiri nao. Mtu aliyesikia "ajitwike" aliona mzigo wa kweli, wenye kamba. Tafsiri ya Habari Njema imerudi kwenye -chukua. Sababu yake inaeleweka, kwani vijana wa mjini wanatwikana kidogo siku hizi, lakini -chukua haina uzito. Mtu huchukua hata kalamu. Kwa maoni yetu mabadiliko haya ni hasara.

6.0 Kujitoa na kujitolea

Tofauti ya -jitoa na -jitolea inaonekana ndogo, nayo inaficha tatizo halisi la kisarufi. Kwa kanuni ya jumla, kauli ya kutendea huongeza nafasi ya mtendewa, na -ji- ikiwapo huijaza nafasi hiyo:

(4) a. Asha alijipikia wali.
    b. Juma alijijengea nyumba.
    c. Paulina alijitolea kuwahudumia wakoma.

Katika (4a) na (4b) anayefaidika ni mtenda mwenyewe. Kwa kanuni hiyo hiyo (4c) ingepasa kumaanisha kwamba Paulina alitoa kitu kwa faida yake. Maana tunayoipata ni kinyume kabisa: Paulina ndiye kitu kilichotolewa, na wanaofaidika ni wengine. Kwamba kanuni haijafa kunathibitishwa na sentensi kama (5):

(5) Mhasibu alijitolea fedha za parokia.

Anayeisikia sentensi hii huenda akampongeza mhasibu, huenda akaita polisi. Maana zote mbili zimo. Tunaloliona ni kwamba -jitolea ya wito imeganda ikawa neno kamili katika kamusi, huku -jitolea ya kutoa kitu kwa ajili yako ikiendelea kuzalishwa na kanuni.

Mgando huo umelifanya neno lisafiri kwa urahisi. Baada ya Uhuru, Tanzania ililitumia kwa kazi za kujenga taifa, na "kazi ya kujitolea" ilikuwa kuchimba mtaro au kufyatua matofali ya shule bila malipo. Kila aliyeishi miaka hiyo anakumbuka kwamba mara nyingine aliyekosa kujitolea alitozwa faini. Jeshi la Kujenga Taifa, kwa usahihi wa kupendeza, limewatenganisha vijana wa kujitolea na vijana wa mujibu wa sheria. Makanisa hayajawahi kupata istilahi iliyo wazi namna hiyo, ingawa yana watu wa aina zote mbili.

Katika miongo ya karibuni msemo wa karibu, kujitoa mhanga, umepata bahati mbaya zaidi. Taarifa za habari zimeutumia sana kwa washambuliaji wanaojilipua hata mhubiri anayemsifu mmisionari kwa kujitoa mhanga analazimika kuongeza maelezo. Kisarufi hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni nani mwingine anayekufa katika tendo hilo, na mabadiliko hayo yametusaidia kuona kwamba -ji- haikuwahi kutuambia lolote kuhusu watu waliosimama karibu.

7.0 Maneno ya nadhiri

Kwa wanaofunga nadhiri, Kanisa lilihitaji majina ya hali ya kudumu, na uteuzi uliofanywa unafundisha mengi. Mtawa linatokana na kitenzi -tawa, yaani kukaa ndani bila kutoka. Katika miji ya Waswahili kutawa ilikuwa heshima ya mwanamke wa kiungwana: binti alipovunja ungo alitawishwa, na maji aliletewa na wengine. Kuonekana kisimani ilikuwa dalili ya umaskini au utumwa. Neno hili lilipopanuka kwa mcha Mungu aliyejitenga na dunia, hatimaye likamfikia bruda wa Kibenedikti wa Peramiho au Ndanda anayeamka alfajiri kwenda karakana, maana ya kujitenga ilibaki lakini ile ya kuhudumiwa iligeuzwa. Mtawa wa kwanza hakuteka maji kwa sababu alikuwa nao wa kumtekea. Mtawa wa pili huwatekea wengine. Watu wa pwani walioyasikia matumizi mapya bila shaka walitabasamu.

Kwa nadhiri ya kutomiliki mali, Wakatoliki wa Tanzania wamechagua ufukara, si umaskini. Uteuzi huu ni wa busara. Fukara lina asili ya Kiarabu na katika Uislamu limekwisha kutumiwa na watu wa tarika kwa mja asiye na kitu mbele ya Mola wake. Umaskini, kwa upande mwingine, ulitangazwa na serikali ya Mwalimu Nyerere kuwa mmoja wa maadui watatu wa taifa, pamoja na ujinga na maradhi. Ni vigumu kwa mtu kuweka nadhiri kwa adui. Vivyo hivyo useja ulipewa nafasi ambayo ukapera haukupewa. Tunasema "useja wa mapadri". Hakuna anayesema "ukapera wa mapadri" isipokuwa kwa kejeli, kwa kuwa kapera ni mtu ambaye bado hajaoa, na neno lake lina harufu ya chumba kisichofagiliwa.

Lililo muhimu kwa hoja yetu ni kwamba maneno haya ya hali hayana -ji-. Fukara ni fukara, awe ameuchagua ufukara au ameupata. Nadhiri inayotamkwa hadharani, mbele ya mashahidi, ndiyo inayotofautisha. Mwenye nadhiri ya useja, zaidi ya hayo, ameamua mapema kwamba hakutakuwa na mke wala watoto wa kukosa raha pamoja naye. Upande huu wa useja husifiwa mara chache katika mahubiri, ambako kwa kawaida husifiwa kwa usafi wake.

8.0 Anayejinyima na wanaonyimwa

Sasa turudi kwenye mfano (2d), *alijinyimwa. Kiambishi -ji- na kiambishi -w- havikai katika kitenzi kimoja, na sababu ni wazi: -ji- inamhitaji mtenda aliye pia mtendwa, ilhali -w- inamwondoa mtenda katika nafasi ya kiima. Kila kitenzi kinamlazimisha msimulizi achague. Akichagua -ji-, anapata sentensi yenye mtu mmoja. Katika nyumba yenye watu wengi, hata hivyo, tendo moja laweza kuwa kujinyima kwa mmoja na kunyimwa kwa wengine kwa wakati ule ule, na hakuna umbo moja la kitenzi litakalosema yote mawili.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Johann Ludwig Krapf, ambaye kila mwanafunzi wa historia ya Kiswahili anamjua. Alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine, baada ya miaka ya taabu Uhabeshi. Mwezi Juni mwaka huo alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa Mombasa. Mwezi Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa, akafa. Siku chache baadaye mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Katika barua yake kwa chama kilichomtuma, Church Missionary Society, Krapf alilitaja kaburi lile kuwa ishara kwamba vita vya Injili upande huu wa dunia vimeanza. Alikaa, akaendelea na kazi, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mwenzake Johannes Rebmann, aliyemfuata mwaka 1846, hakurudi kwao hadi 1875, naye alirudi akiwa kipofu.

Watu hawa walijinyima, na hatuna nia ya kupunguza neno hilo kwao. Tunaomba tu vitenzi vihesabiwe. Katika masimulizi ya kawaida ya Kiswahili kuhusu Rabai na Mombasa, Krapf ni kiima cha -itwa, -acha, -jitoa na -vumilia. Rosine ni kiima cha -fuatana, -jifungua, -fariki na -zikwa. Kati ya vitenzi hivyo vinne -ji- imo mara moja, katika -jifungua, nayo huko imeganda na haina hiari ndani yake. Inawezekana kabisa kwamba mwanamke yule, aliyekuwa amekwisha kumzika mtoto mmoja njiani katika safari za Uhabeshi, alikuwa na wito wake kamili. Lakini vitenzi alivyopewa havimpi nafasi ya kuwa nao. Ama mtoto, yeye ana -zaliwa na -fa. Hakuna msimulizi, hata mwenye bidii, atakayethubutu kuandika kwamba mtoto wa siku chache alijitoa.

Mfano wa pili unamhusu mtu aliyeikataa sifa yenyewe. Tarehe 4 Desemba 1857, huko Cambridge, David Livingstone aliwaambia wasikilizaji wake kwamba maisha yake Afrika hayapaswi kuitwa kafara. Kwake yalikuwa fursa, na kile alichokosa hakikuwa kitu mbele ya alichopata. Hotuba za safari ile ndizo zilizozaa UMCA, iliyohamia Unguja mwaka 1864, na kupitia kwa Askofu Edward Steere misheni hiyo iliipa Kiswahili sarufi na sehemu kubwa ya Biblia. Kwa hiyo wapenzi wa lugha hii tuna deni kwa maneno yale. Kwa upande wa Livingstone, kauli yake ni ya mtu aliyejikana kweli: hakubaki na nafsi ya kuhesabu hasara. Lakini miaka mitano kabla ya hotuba hiyo, mwaka 1852, alikuwa amempandisha mkewe Mary melini Cape Town pamoja na watoto wao wanne waende Uingereza, na kwa zaidi ya miaka minne walihangaika huko kwa nyumba na fedha huku yeye akivuka bara. Mary alirudi Afrika baadaye, akafa kwa homa Shupanga, kando ya mto Zambezi, mwaka 1862. Je, yeye na watoto wangekubali kwamba hapakuwa na kafara? Swali hili halijibiwi na kitenzi chochote chenye -ji-, kwa sababu kiima cha kitenzi hicho ni Livingstone.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu wa karne ya 19 tu. Katika vigango vingi vya vijijini katekista hulipwa kidogo au halipwi kabisa. Anaposifiwa Jumapili kwamba amejinyima, mkewe anayelima ili ada ipatikane hukaa benchi la pili, na watoto wanaorudishwa nyumbani kwa kukosa ada hawatajwi. Siku katekista akifa, tangazo la tanzia litasema "ameacha mke na watoto watano". Kitenzi -acha hapo ni kile kile kinachotumika kwa mitume walioacha nyavu na nyumba. Katika tanzia hakina hiari. Katika Injili kina hiari. Na katika wasifu wa mtumishi, "aliacha mke na watoto akaenda" hukaa katikati, na msomaji huachiwa aamue.

Wako wanaojaribu kulitatua jambo hili kwa wingi: "Walijinyima ili kazi ya Bwana iendelee." Umbo hili ni la ukarimu, lakini kiambishi cha nafsi wa- kinamhesabu kila mwenye nyumba, pamoja na mtoto wa miaka mitatu, kuwa mtenda mwenye hiari. Mke aliyekubali kwa moyo ana haki ya kuhesabiwa humo. Mtoto hana. Njia iliyo nyoofu zaidi ni kutumia vitenzi viwili, kimoja chenye -ji- na kimoja chenye -w-, na wasifu wa mtumishi haupungukiwi na heshima kwa kuvitumia:

(6) a. Livingstone alijinyima nyumba kwa ajili ya wito wake.
    b. Livingstone alijinyima nyumba kwa ajili ya wito wake, na watoto wake walinyimwa baba.
    c. Katekista alijinyima mshahara, mkewe alikubali, watoto walinyimwa ada.

Wasifu mwingi wa watumishi unaopatikana katika Kiswahili umeandikwa kwa umbo la (6a). Watungaji wa wasifu wanaofundishwa katika idara zetu, pamoja na wahariri wa magazeti ya makanisa, wana nafasi ya kulijaribu umbo la (6b) na (6c) katika maandishi yajayo, na data itakayopatikana hapo itafaa kuchunguzwa.